Mupira Wenye Harufu ya Kibuyu

Goma, Ndosho, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Kwako Baba Mudogo Buhendwa,

Naomba karatasi hii ikukute na afya, na Koko Domitille, mama yako, akiwa bado na nguvu za kugombana na kuku wa jirani. Sisi huku tunapumua. Élodie anatembea sasa, tangu Jumatano ameangusha sufuria mbili na picha ya Bikira Maria. Picha haikuvunjika, mama anasema ni alama. Muguu wa mama unavimba kila mvua ikinyesha. Ndosho imejaa watu waliokimbia vita upande wa Sake, ndani ya uzio wa parsele yetu tuko familia tatu, na choo ni kile kimoja unachokijua.

Simu yako inalia mpaka inachoka. Sikulaumu, au tuseme nakulaumu kidogo. Ndiyo maana naandika. Papa, Mungu amulaze pema, alikuwa akisema simu mutu anaweza kuikimbia, lakini barua ya mutoto wa ndugu yako hairudi bila jibu. Magloire wa kwenye boti ataiweka mukononi mwako. Nimemuambia asiondoke kabla hajakuona usoni.

Sasa neno lenyewe. Unamukumbuka muzee Gisubizo, mwenye kutengeneza fromaji, ile jibini ya kule juu Masisi? Alifika hapa Jumatatu kwa miguu. Ng'ombe hana tena, nyumba ya fromaji hana tena. Alibeba blanketi moja na termos, na ndani ya termos kulikuwa na mbegu: yale maziwa ya kuganda ambayo ukitia kijiko chake kwenye ndoo ya maziwa mapya, yanaganda na kupata ladha ya fromaji ya kwao. Baba yake ndiye alimuachia, na tangu wakati huo haikukatika hata siku moja. Wenzake wote aliowauliza kambini wamepoteza za kwao. Imebaki hii.

Naichunga. Kila siku naipa maziwa mapya, na saa nane hazipiti yameganda. Lakini haya maziwa ya mujini, yaliyochanganywa na maji na sijui nini kingine, yataichosha. Mimi naipa miezi mitatu au minne. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mbegu iliyokaushwa kwenye mashine inalala miaka ndani ya chupa, na siku ukiiamsha inaamka. Basi nimeondoa turubai kwenye mashine ya mradi uliyoiacha hapa.

Inagandisha mbegu kuwa barafu vizuri. Pompi inanguruma kama zamani. Lakini sindano ya kupima hewa inashuka, inafika katikati, inasimama hapo hapo. Hewa inaingia kupitia mulango, kwenye ule mupira mweusi wa duara. Na wewe unajua hewa ikiingia, ile barafu badala ya kuondoka kama mvuke inageuka maji, na mbegu inakufa.

Kwa hiyo nina swali moja tu. Mara ya mwisho ulipaka nini kwenye mupira ule? Mimi nilikuwa maternité nikimuzaa Élodie, sikuona. Ningemuuliza Joviale aliyekuwa anakusaidia, lakini vile tulivyomufukuza, hata kumusalimia naona haya.

Binti yako,
Aksanti


Bukavu, Kadutu, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Kwa Aksanti, binti wa kaka yangu,

Amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya wote wanaokula kwenye sahani yenu. Barua yako nimeipokea mbele ya Magloire, ambaye alikataa kuketi na akakataa pia kuondoka. Koko yako anaendelea vizuri, meno matatu yamebaki na yote matatu ni ya kuuma. Mvua imebomoa ukuta wa nyuma, tunaujenga. Mubusu Élodie.

Kuhusu mashine. Mambo haya niliyasoma miaka mitatu na kuyafanya kumi na mmoja, basi soma polepole. Kinachozuia hewa ni mupira. Grisi ni musaidizi tu: inajaza mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, na inalinda mupira usikauke na kupasuka. Watu wengi wanadhani ukipaka nyingi utafunga zaidi. Ni ujinga. Chukua kiasi cha punje moja ya haragi, paka kwa kidole ukizunguka, mpaka mupira ung'ae na kidole kipite bila kuacha alama. Ikibaki nene itakamata ile vumbi nyeusi ya volkano yenu, na vumbi ile inakata mupira.

Tafuta grisi safi ya silikoni, isiyo na rangi wala harufu. Ya magari usiguse. Kabla ya kupaka, pangusa mupira, pangusa na kioo cha mulango pale unapokutana nacho. Uzi mumoja wa nguo ukibaki, au unywele mumoja, sindano haitashuka. Fanya hivyo na utaona.

Kuhusu Joviale, yale yamepita. Kazi ilikwisha, mradi ulifungwa, kila mutu alishika njia yake. Usiamushe waliolala.

Baba yako mudogo,
Buhendwa


Goma, tarehe 14 mwezi wa tatu 2024

Baba Mudogo,

Nimefurahi kusikia habari ya meno ya Koko. Mama anamutumia salamu na anauliza kama ukuta umesimama. Élodie amejifunza neno moja jipya, ni "hapana", na amelipenda sana. Muzee Gisubizo anakuja kila asubuhi kutoka kambini kuangalia ndoo. Haulizi kitu. Anaangalia, anashukuru, anarudi.

Nimefanya yote uliyosema. Grisi nimeipata Gisenyi, kwa fundi wa vifaa vya hospitali, safi kama maji. Nimepaka punje ya haragi. Nimetoa punje ya haragi na kupaka nusu yake. Nimepangusa na kitambaa kipya, nikakuta kinaacha nyuzi, nikatafuta kingine. Sindano inasimama katikati, kama mutu anayenifanyia mzaha.

Basi nikajikaza, nikaenda kwa Joviale. Anauza sombe, majani ya muhogo, hapa sokoni Ndosho. Unajua kwa nini anauza sombe, Baba Mudogo? Kwa sababu hakuna mwenye maziwa anayemukubali. Tangu zile chupa za mbegu ziharibike na fromaji za watu zikawa chungu, wanasema mukono wake unaua maziwa. Akipita karibu na wenye ndoo, wanafunika. Nimeona kwa macho yangu mama wawili wakifunika.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alinisikiliza huku akitwanga, kisha akaniambia nipangusie kikwembe kizee, kitenge kilichofuliwa miaka, maana hicho hakina nyuzi za kuacha. Alinipa cha kwake. Nilipotaka kuondoka akasema: "Mimi nilifunga mulango. Wewe angalia mupira, sio mulango."

Nilirudi, nikautoa mupira wote kwenye mufereji wake, nikaunusa. Unanuka. Sio grisi. Harufu hiyo naijua tangu utoto lakini jina lake linanikimbia. Na umekuwa laini, umevimba upande mumoja, ukiukandamiza kidole kinazama.

Nakuuliza mara ya pili: ulipaka nini? Maziwa sasa yanaganda kwa saa kumi na moja badala ya nane.

Aksanti


Bukavu, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Aksanti,

Tuko wazima. Ukuta umesimama. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya Pasaka na mafua.

Mupira uoshe tena. Maji ya vuguvugu na sabuni, mara tatu, uuanike kivulini. Rudia wiki nzima kama inahitajika. Harufu ni ya uzee, vitu vya mupira vinazeeka. Na uache kuchukua masomo ya ufundi kwa wanawake wa sokoni, mimi ndiye niliyekufundisha.

Magloire analeta pia kifurushi cha Koko. Sijui ameweka nini, amekifunga mwenyewe na hataki mutu akiguse.

Buhendwa


Goma, tarehe 28 mwezi wa nne 2024

Baba Mudogo,

Leo sianzi na muguu wa mama.

Kifurushi cha Koko kilikuwa kopo la chuma, na juu yake karatasi iliyoandikwa na Miriam wa jirani yenu. Nanakili yote ili usiseme nimeongeza:

"Mujukuu wangu Aksanti, mimi ndiye nasema, Miriam anaandika. Nasikia mashine yenu imekataa tena. Nimemuambia baba yako mudogo akupe dawa yake, ananiambia nikae kimya. Basi nakutumia mwenyewe. Hii ni siagi ya ng'ombe wa Kabare. Upake kwenye mupira kama alivyopaka yeye ule mwaka grisi yao ilipoisha. Alinitumia mutu kuomba siagi, nikamupa ya kibuyu, ile ambayo nafungia vifuniko vya vibuyu vya maziwa tangu nilipoolewa, na hakuna hewa imewahi kupita. Siku ile alinipigia simu anacheka, akasema Mama, imeshika kuliko ya Wazungu. Ukimaliza unirudishie kopo."

Nilifungua kopo na nikakumbuka jina la ile harufu.

Nilikaa chini sakafuni, Baba Mudogo. Nilicheka kwanza, nakuambia ukweli, nilicheka mpaka Élodie akaja kuniangalia. Kisha kicheko kikaniishia. Siagi inaingia ndani ya mupira, inauvimbisha, inauoza. Hakuna sabuni inayoitoa. Hilo hata mimi nalijua, na wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa hiyo ulipoandika osha mara tatu, uanike kivulini, rudia wiki nzima, ulijua naosha maiti. Wiki kumi na moja! Muzee Gisubizo anakuja kila asubuhi kuangalia ndoo, na wewe uko Kadutu unanidanganya kwa mwandiko muzuri.

Siagi nakusamehe. Grisi iliisha, barabara zilifungwa, ulifanya kama alivyofanya mama yako. Mimi pia labda ningefanya. Lakini Joviale alifukuzwa kwa kosa gani? Nani alimuambia mukubwa wa mradi kwamba mulango haukufungwa?

Maziwa yanaganda kwa saa kumi na tano. Asubuhi nyingine hayagandi, namuambia muzee ni baridi.

Sikuulizi tena ulipaka nini. Niambie tu kama kuna mupira mwingine duniani wa mashine hii. Na hayo ya kufukuzwa umuambie Joviale, sio mimi.

Aksanti


Bukavu, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Aksanti binti yangu,

Nimeandika barua hii mara tano. Hii ya sita naituma jinsi ilivyo.

Ni kweli. Tube ya grisi iliisha mwezi wa tisa mwaka ule, na chupa sitini zilikuwa zimeshaganda ndani. Kama ningesimamisha, zingeharibika. Nilikumbuka vibuyu vya mama, nikaacha mashine igandishe tu mpaka boti ilete siagi. Sindano ilishuka mpaka chini na ikatulia, sijawahi kuona imeshuka vizuri hivyo, na kweli nilipiga simu nikicheka. Asubuhi yake nilikuta mupira umevimba na kutoka kwenye mufereji upande mumoja. Hewa iliingia, chupa zilikuwa zimetoa povu. Nilizikausha tena haraka haraka, nikazifunga, nikawapa watu. Nilijiambia labda ziko nzima. Fromaji zao zikawa chungu, za nyumba tatu, ya Gisubizo ikiwa moja.

Walikuja wote kwenye kiwanja, mukubwa wa mradi akiwa mbele, akaniuliza mimi fundi ni nini kimetokea. Ningesema nini? Kwamba mutu mwenye diploma yake ukutani amepaka siagi ya mama kwenye mashine iliyovuka bahari? Nilisema maneno matatu: "Mulango haukufungwa vizuri." Sikutaja jina. Nimejificha nyuma ya hilo mwaka na nusu, kwamba sikutaja jina. Lakini mwenye kufunga mulango alikuwa mutu mumoja, na alikuwa amesimama pale na aproni yake. Aliniangalia. Alikuwa ameinusa siagi, alijua kila kitu, na hakusema neno kwa kuwa mimi nilikuwa muzee wake wa kazi. Alingoja niseme mimi. Nikafunga kinywa.

Kuna jingine. Wiki mbili baadaye mradi ulituma mupira mupya na tube mbili za grisi. Kama ningeuweka, kila mutu angeuliza wa zamani ulikufa na nini. Nikaweka vyote kwenye valizi ya nguo zangu. Nilipoondoka niliondoka navyo. Sikuiba, Aksanti, sikuvitumia, sikuviuza, viko chini ya kitanda tangu siku hiyo na sijawahi kulala vizuri juu yake. Uliponiandikia mara ya kwanza, nilivitoa, nikaviangalia, nikavirudisha. Huo ndio ubaya wangu mukubwa kuliko siagi.

Magloire anakuletea mupira mupya na tube mbili. Ndani kuna pia bahasha ya Joviale. Sikuifunga kwa makusudi. Kila mutu aisome.

Baba yako mudogo, kama bado unataka kuniita hivyo,
Buhendwa


Goma, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Baba Mudogo,

Bado nakuita hivyo, sina mwingine.

Mama anakusalimu, nimemusomea yote, akasema ulikuwa hivyo tangu utoto, ukivunja sahani unazika vipande. Muguu wake umepona kidogo.

Nilikwenda sokoni na mupira mukono huu na bahasha mukono ule. Joviale aliusoma mupira kwanza. Aliuzungusha mwanga ukiupiga, akatafuta mikwaruzo, akauinamisha, akanusa. Kisha akafunika sombe yake kwa majani, akamuachia jirani, tukaja pamoja. Barua alisema ataisoma kazi ikiisha.

Aliosha mikono mpaka viwiko. Alipangusa mufereji na kile kikwembe kizee, akapangusa kioo, akanionyesha kijinyuzi kimoja ambacho mimi nisingekiona. Grisi alichukua pungufu ya punje ya haragi. Alizunguka mara moja tu, kidole kikapita. Mimi nilibonyeza swichi, yeye akainama mbele ya sindano.

Sindano ilifika katikati. Ikapita. Ikashuka mpaka chini, ikatulia, na kesho yake ilikuwa bado pale pale. Tumetoa chupa thelathini na nane, unga mweupe, mukavu. Muzee Gisubizo alishika moja akaitikisa sikioni.

Sasa sikiliza vizuri. Nilitaka kuijaribu siku ile ile, kutia unga kwenye maziwa tuone kama utaamka. Mbegu tuliyoikausha ilikuwa imechoka sana, ikigandisha maziwa kwa saa kumi na saba, na iliyobaki ndani ya ndoo ilikufa kesho yake. Hatuna nyingine. Kama hizi chupa zimelala tu au zimekufa, hakuna ajuaye. Joviale alinishika mukono. Alikuwa ameshaisoma barua yako, amesimama, mpaka mwisho. Alisema: "Ikikataa kabla baba yako mudogo hajasema mbele ya watu, watasema ni mukono wangu tena."

Nikamuambia barua iko wazi, tutaisoma kiwanjani. Akakataa. Alifukuzwa kwa mudomo, anataka kurudishwa kwa mudomo. Hakuna chupa itakayofunguliwa kabla. Muzee Gisubizo naye amekubaliana naye, na wewe unajua siku ile yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wameziweka chupa kwenye sanduku, wamefunga, na ufunguo anao Joviale.

Mimi niko katikati yenu. Njoo.

Aksanti


Bukavu, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Aksanti,

Nitapanda boti ya Alhamisi. Uwaite wenye fromaji wote utakaowapata kambini, wale wa nyumba tatu wasikose. Naleta mudumu wa kasiksi, pombe ya ndizi, maana kwa desturi yetu mwenye kosa hafiki mikono mitupu na ndiye anayesema kwanza. Mumwambie Joviale avae aproni yake kama anayo bado.

Koko anauliza kopo lake.

Buhendwa


Goma, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Baba Mudogo,

Natumaini ulifika vizuri na ziwa halikukutapisha. Hapa tuko salama. Élodie anakutafuta, ameokota kofia uliyoisahau na anaivaa mpaka puani.

Ulisema boti haingoji. Haya, sitakuuliza kama ni boti au ni roho. Ulisimama jua likichomoza, ulisema, ulimupa Joviale kikombe cha kwanza, naye alitia unga kwenye ndoo kwa mukono wake mwenyewe mbele ya wote, na wewe ukashika njia ya bandari kabla maziwa hayajaanza hata kufikiri. Kwa hiyo nakuandikia uliyokimbia.

Hakuna aliyeondoka. Kasiksi iliisha, watu wakakaa tu. Joviale alivuta kiti karibu na ndoo na hakusogea. Saa ya nane tangu unga uingie, maziwa yalikuwa bado maziwa. Saa ya kumi mama mumoja akaanza kukunja vitu vyake, na nikaona Joviale ameweka mikono chini ya mapaja. Muzee Gisubizo akamuambia yule mama aketi. Ilipofika ya kumi na mbili, na jua lilikuwa linaondoka, muzee aliinamisha ndoo kidogo. Yalitikisika yote pamoja, kipande kimoja. Alichovya kidole, akaonja, akalia mbele yetu sisi wote bila kujificha. Kisha akamupa Joviale kijiko ili akate yeye.

Jumatatu iliyofuata mama watatu walikuja kwenye mulango wetu na ndoo za maziwa. Hazikufunikwa. Walimuuliza Joviale kama ana nafasi.

Jana tulikuwa jikoni tunaosha vikwembe vya mashine, na nikamusikia anasema maneno matatu uliyosema mbele ya watu safari hii, taratibu, kama anayajaribu: "Mulango ulifungwa vizuri." Nilimuuliza kama amekusamehe. Akasema ana kazi nyingi, nimuulize mwezi ujao.

Magloire anakuletea kopo la Koko. Unajua kwetu chombo cha mutu hakirudi kitupu. Ndani kuna fromaji ya kwanza, bado changa. Joviale ndiye aliyeikata. Mimi nilimuambia ni ya Koko Domitille, na nilitegemea kipande kimoja. Alikata viwili, akavifunga kila kimoja kwenye jani lake, akafunika kopo, akarudi kwenye mashine.

Aksanti